Maksai wa Bi Khatoon

Ng'ombe wa Suud bin Nassor alianguka wiki ile ile karafuu zilipoanza kuwiva, na watu wakasema mkosi nao una akili, hauji kiangazi watu wakiwa wamekaa bure. Alianguka njiani gari likiwa tupu, akakataa kuinuka. Nyange, aliyekuwa akimpakilia Suud mizigo tangu ujana wao, alikimbia na kisu wakamuwahi angali anapumua, kwa hiyo angalau nyama ilikuwa halali na iliuzika. Suud hakuila. Alisema tumbo limekataa, akaenda kukaa bandani juu ya gari lake lisilo na wa kulivuta.

Babake alikuwa bwana shamba. Yeye alikuwa bwana gari. Mikarafuu iliyombakia, upande huu wa Vitongoji unaoelekea mjini, ilitosha kumpa heshima ya kusalimiwa kwanza, lakini haikutosha kulisha nyumba. Nyumba ililishwa na gari. Kila msimu Suud alibeba karafuu kavu za majirani, akapita Chake Chake, akateremka mpaka kwenye mabohari ya Wesha, na ujira wa msimu mmoja ukavuta mchele na mafuta ya taa mpaka msimu mwingine. Mwaka uliopita mikarafuu haikuzaa, wakala muhogo na subira. Mwaka huu matawi yalikuwa yanainama. Bila ya ng'ombe, Suud alikuwa na njia mbili: kupanda mikarafuu ya watu kwa kibarua, na umri wake ulikuwa umekwisha kushuka mtini siku nyingi; au kukaa jamvini na wanawake, kuchambua karafuu za watu kwa pishi. Hilo la pili hakuna aliyethubutu hata kulitamka.

Mkewe, Mwanawema, ndiye aliyetoa njia ya tatu. Alikuwa na minazi yake ya urithi kwa mamake, michache, iliyozaa vizuri. Alimwambia mumewe aiuze.

"Minazi ni yako," Suud alisema.

"Na njaa je, ni ya nani?"

Mtoto wao mmoja, Umkulthum, alikuwa ameolewa Wete. Nyumba ilikuwa ya watu wawili, na watu wawili wakinyamaza nyumba nzima hunyamaza. Kisha Suud akamwambia mkewe neno ambalo hakuwahi kulisema tangu alipomwoa: "Basi ng'ombe hatanunuliwa mpaka weye uridhike naye. Pesa zako, na neno lako."

Mwanawema alilichukua neno lile akatembea nalo siku nzima. Alichota maji nalo, akatwanga nalo. Hakujua kwamba lingemlemea.

*

Siku ya tatu Suud alirudi kutoka Tibirinzi, kwenye njia ya Wesha, alasiri, Mwanawema yuko kwenye mbuzi anakuna nazi. Alikuja akipiga mluzi. Tangu ng'ombe afe mluzi ule ulikuwa haujasikika.

"Nimepata ng'ombe," alisema, hata salamu hajaimaliza.

"Alhamdulillahi. Wa nani?"

"Maksai wa marehemu Hassanali, yule Muhindi mwenye duka. Mjane wake ndiye anayeuza. Eda imekwisha, duka kalifunga, ng'ombe hana kazi." Akajitupa kwenye kigoda. "Mwanawema, ng'ombe yuno kasoma! Shingo imeota sugu la nira, kwato zimekaa sawasawa, ukimwekea nkono mgongoni hata sikio halitikisi. Nimemtia gari mie mwenyewe, nikapanda naye kilima, nikashuka naye. Kwenye nteremko anarudi nyuma kwa makalio, analizuia gari kidogo kidogo. Mie nimekaa tu, kama bwana harusi."

"Nzima?"

"Mkongwe kidogo. Na kasoro zake Khatoon kanambia zote, hakunificha hata moja. Jicho la kushoto lina ukungu. Maji havuki mpaka ntu atangulie. Na kila duka alilokuwa akishusha nzigo zamani, lazima asimame." Suud alianza kucheka. "Ukimpiga haendi. Umngojee kidogo, kama ntu anayeshusha gunia, kisha anaondoka mwenyewe. Hapo mlangoni kwake Khatoon ndiko anakosimama zaidi, eti ndiko alikozoea kupewa maganda ya ndizi. Jina lake Babu. Anamlisha kwa nkono wake, anamsemesha kama mwanawe."

Alifungua kitambaa akatoa ladu nne za manjano, vitamu vya Kihindi, bado laini. "Kanipa hizi nikuletee. Na chai kanikirimu, ya maziwa, ina iliki."

Mwanawema aliendelea kukuna nazi. Nazi ilikuwa imekwisha, akawa anakuna kifuu.

Kisiwa hiki watu hawatajani ovyo. Mwanamke ni Bi Fulani hata akiwa hana jino wala nguo, na Suud alikuwa mtu wa adabu kuliko wengi. Hata paka wa jirani alimtaja kwa adabu. Sasa alikuwa amesema Khatoon mara mbili, kavu, bila ya Bi, kama mtu anayetaja jina alilokwisha kulizoea mdomoni. Eda imekwisha. Chai ya iliki. Na ng'ombe ambaye kila safari ya Wesha, kwenda na kurudi, atamsimamisha mlangoni kwa mjane, na kumpiga hakuna faida.

"Umri gani?" aliuliza.

"Babu? Labda miaka kumi na..."

"Huyo mwenyewe."

Suud alimtazama. "Sikumwuliza, Mwanawema. Ntu hamwulizi ntu umri wake."

"Basi si mzee," Mwanawema alisema, akainuka akachukua nazi yake.

*

Katika sheria yetu ya biashara muuzaji hutakiwa ataje aibu ya kitu chake kabla ya kupokea pesa. Kila mtu analijua hilo, na wanaolifanya ni wachache, ndiyo maana anayelifanya hushukiwa. Mwanawema alipata pa kushika hapo. Asubuhi, Suud akinywa uji, alianza taratibu.

"Ntu kakutajia aibu tatu, bwana, kakuficha sita."

"Au kanitajia tatu kwa sababu ni tatu."

"Ng'ombe kipofu, mwoga wa maji, anasimama kila duka. Utafika Wesha karafuu zimeota majani! Watu watasema Suud bin Nassor kaokota ng'ombe kwa huruma ya mjane."

Suud aliweka bakuli chini. "Unamtaka nani weye?"

"Radi."

Radi alikuwa fahali wa Ahmada, mweusi, nundu imesimama, na hakuna mtoto wa upande ule asiyemjua. Kiangazi, unapochezwa mchezo wa ng'ombe, Radi ndiye aliyekuwa akifungwa kamba mwisho, watu wakishamaliza kuchangamka na wengine. Vijana humchokoza kwa kitambaa, zumari inalia, na wanawake wamejipanga pembeni wanaimba. Bila ya nyimbo za wanawake ng'ombe hapandi hasira. Huo ndio mchezo wenyewe. Na katika wanawake wale sauti ya mbele ilikuwa ya Mwanawema. Wimbo wa Radi aliutunga yeye, kiangazi kilichopita, akiwa anapalilia mpunga:

Radi kapiga, Radi kapiga, uwanja hauna mtu,
Kimbia mwana wa mtu, pembe haijui utu.

"Radi ng'ombe wa mchezo," Suud alisema.

"Nguvu ni nguvu. Avutae kamba ya watu kumi atashindwa na gari moja? Kijana, macho mawili, maji anavuka mwenyewe. Na Ahmada kamfundisha gari mwaka huu, nimesikia."

"Umesikia."

"Ulisema neno langu," Mwanawema alisema. "Au ulisema tu?"

Alijua. Hilo ndilo lililokuja kumla baadaye, kwamba hakukosea kwa ujinga. Katika nyumba ile, katika mtaa ule, hakuna aliyejua zaidi yake fahali yule alivyokuwa akibadilika macho wimbo ukianza, maana ni yeye aliyekuwa akiuanza. Lakini moyo ukishaingiwa na wivu haupimi ng'ombe tena. Ulichopima wake ni mlango wa Tibirinzi.

Suud alimwangalia kitambo, akanywa uji uliobaki, akachukua bakora yake. "Haya," alisema. "Radi."

*

Ahmada alimweka Suud barazani mpaka jua likapanda. Alikuwa na haki hiyo, maana mwenye kuuza fahali anayetajwa kwenye nyimbo hana haraka. Alipotoka alikuwa anatafuna tambuu, na watu wanne wa baraza walikuwa wamekwisha kukusanyika kusikiliza bei.

"Mwana wa Nassor!" Ahmada alisema. "Babako alikuwa akinunua ng'ombe kwa karafuu. Nasikia weye wanunua kwa minazi ya nkeo."

Watu wa baraza walicheka kidogo, kicheko cha adabu. Suud naye alicheka, kwa kuwa angefanya nini.

Nyange, aliyekuwa amefuatana naye, hakucheka. "Tutajie aibu yake, Ahmada."

"Aibu? Radi?" Ahmada alitema tambuu. "Aibu ni ya anayemkimbia."

Hapo walicheka kweli kweli. Suud alimzunguka fahali, akampapasa shingo, na shingo ilikuwa laini, haina sugu hata la kidole. Nyange alimwona akiusimamisha mkono wake pale pale penye ulaini kwa muda, kama anayesikiliza. Kisha Suud akasema bei, Ahmada akasema yake, na Suud akapanda mpaka alipo Ahmada bila ya kubishana sana. Nyange alishangaa. Kwenye bei ya samaki tu mtu yule hubisha mpaka samaki aoze.

Njiani Nyange alimwambia, "Bwana Suud, yule wa Tibirinzi ndiye ng'ombe."

"Najua," Suud alisema. Nyange alidhani anajibu kwa kuchoka.

*

Na Radi alifanya kazi! Lazima haki isemwe hata kwa ng'ombe. Siku za mwanzo alirusha mateke, akavunja ubao mmoja. Wiki ya pili alikuwa anavuta magunia ambayo yule ng'ombe aliyekufa angeyavuta kwa safari mbili. Watoto walikimbia nyuma ya gari. Wenye mashamba waliokuwa wakimpa Suud mzigo kwa huruma sasa walimtafuta. Jioni Suud alirudi na mchele, siku nyingine na kipande cha papa, na siku moja alirudi na kanga mpya, akaitupa mapajani mwa mkewe bila ya kusema kitu.

Mwanawema aliivaa kwenda kisimani. Aliwaambia wenziwe, sauti ya kutosha, kwamba yeye ndiye aliyemchagua ng'ombe.

Ladu zile nne alikuwa amewapa kuku. Kila Suud alipochelewa kurudi, Mwanawema alisimama mlangoni akatazama njia, akajiambia kwamba fahali yule hasimami kwa mtu, na akalala usingizi wa kushiba. Ilikuwa ni furaha kweli, tusimnyime.

*

Alikuwa anaanika karafuu zao wenyewe, zile chache, alipomwona Nyange anakuja kwa miguu, peke yake, kanzu imechanika bega. Mwanawema alisimama na ufagio mkononi.

"Yuko hai, Bi Mwanawema," Nyange alisema kwanza, kabla hajafika. "Yuko hai. Wamempeleka kwa nganga wa mifupa."

"Kapatwa na nini?"

Nyange alikaa chini pale pale sakafuni, karibu akalie karafuu. Alieleza huku akitazama mikono yake. Walikuwa wanashuka mteremko kwenda Wesha, gari limejaa. Radi alikuwa hazuii gari mteremkoni, hakujua, kwa hiyo Suud alikuwa ameshuka, anatembea ubavuni mwake, mkono kwenye nira, anamtuliza. Wanawake wachumaji walikuwa wanapandisha na mapakacha yao. Wakamjua ng'ombe. Nani asiyemjua?

"Wakafurahi," Nyange alisema. "Mmoja akapiga kigelegele. Akavua kanga ya kichwani akaipunga, mchezo tu, hakuna ubaya. Wenziwe wakaanza kuimba."

"Kuimba nini?"

Nyange aliinua macho, akayarudisha chini. "Wimbo wenu ule."

Hakusema wako. Mwanawema aliusikia wote kichwani, sauti yake mwenyewe iko mbele, na wengine wanaitikia. Uwanja hauna mtu.

"Bwana Suud alipiga kelele wanyamaze," Nyange aliendelea. "Ng'ombe keshageuka. Kageuka na gari, na gari zito, na nteremko ule... Likampindukia Bwana Suud. Magunia tuliyatoa moja moja. Mguu ulikuwa chini ya gurudumu."

Radi alikata kamba akaingia kondeni kwa mtu, wakamkuta baadaye anakula majani kwa utulivu. Gari lilivunjika mhimili. Karafuu za watu zilimwagika mpaka mtaroni, na ilibidi zilipwe.

*

Mguu uliungana, lakini ulirudi mfupi na umepinda, na Suud hakutembea tena bila ya magongo mawili. Ahmada alikuja kumtazama mgonjwa, kama inavyotakiwa. Alikaa, akauliza hali, akamwombea shifaa. Mwanawema alimwuliza, kutoka nyuma ya pazia, kama atamchukua ng'ombe wake arudishe pesa.

"Bi Mwanawema," Ahmada alisema, "mie niliuza fahali. Mngeniambia mnataka maksai ningewaonyesha pa kwenda." Akamchukua Radi kwa bei ya nyama, na kiangazi kilichofuata Radi alikuwa uwanjani, na kwa kuwa sasa alikuwa amemvunja mtu, watu walikuja kumtazama hata kutoka Mkoani. Mwanawema hakwenda. Walisema nyimbo hazikunoga.

Aliyekuja baada ya Ahmada ni mjane. Kulisikika gari nje, Mwanawema akadhani ni ndoto, akachungulia. Maksai mdogo wa umbo, wa rangi ya majivu, jicho moja jeupe, alikuwa amesimama mlangoni ametulia, na Nyange yuko ubavuni mwake. Nyange alikuwa ameshamwambia Suud kwamba mjane hakupata mnunuzi mwingine, akampa yeye ng'ombe na gari afanye nao kazi, ujira wagawane nusu kwa nusu. Juu ya gari, amejifunika vizuri, ameshika bakuli la shaba, alikaa Bi Khatoon.

Hakuwa mzee na hakuwa kijana. Alikuwa na uso mzuri uliochoka. Alivua viatu mlangoni, akamwamkia Mwanawema kabla ya kuamkiwa, akaketi kwenye mkeka karibu na mlango, mbali na kitanda cha mgonjwa, na muda wote alizungumza na Mwanawema, si na Suud.

"Dada," alisema, kwa Kiswahili chake cha dukani, "nilisema mimi, labda nimetaja kasoro nyingi sana. Mume wangu marehemu alikuwa anagombana nami. Anasema, Khatoon, wewe unauza au unafukuza? Kama nimenyamaza kidogo tu, pengine Bwana Suud angemchukua Babu. Tangu nasikia habari hii silali."

Mwanawema aliinuka akamtilia chai.

"Si wewe, Bi Khatoon," Suud alisema kutoka kitandani. "Ng'ombe ulimsifu vizuri."

"Kasoro nimesifu," mjane alisema, akatabasamu kwa huzuni, akafuta macho. Alifunua bakuli. Ladu. Akanywa chai aliyopikiwa, isiyo na maziwa wala iliki, akaisifu, akaondoka. Mwanawema alimsindikiza mpaka nje na kumshika mkono apande gari. Mkono ulikuwa na ngozi ngumu, mkono wa mtu aliyebeba magunia. Kumbe hata huyu naye ni mtu wa kazi tu, alifikiri.

Safari hii ladu hakuwapa kuku. Alizila, moja moja, kwa siku nne.

*

Msimu uliofuata karafuu zilikuja tena, kidogo. Wakati wa kuchambua, shamba kubwa la upande wa pili lilitandika majamvi chini ya dari la makuti, na wanawake wakaja na vikoi vyao mapajani. Mwanawema alikuja, na nyuma yake, kwa magongo, akaja Suud bin Nassor.

Wanawake walinyamaza. Kabla yake palikuwa na mzaha, mizaha ile ya wanawake wakiwa peke yao, na sasa kila mmoja akauficha wake. Mama mmoja alimsogezea kijamvi pembeni, peke yake, kwa heshima, na heshima ile ilikuwa mbaya kuliko kicheko. Suud aliketi kwa shida, mguu umetangulia, akavuta rundo la karafuu mbichi. Mikono yake ilikuwa ya nira na kamba; kikonyo cha karafuu kilikuwa kinampotea vidoleni. Mwanawema alihama alipokuwa, akaja kukaa ubavuni mwake.

Alasiri alipita msimamizi na pishi. Alipima ya wanawake haraka haraka, akafika kwa Suud, akatia mkono kwenye karafuu zake, akautoa.

"Bwana Suud, samahani. Makonyo yamebakia humu. Lazima zirudiwe."

"Ntazirudia," Suud alisema.

"Nipe mie," Mwanawema alisema.

"Ntazirudia mwenyewe."

Wakabakia wawili jamvini, wenzao wakiwa wanakung'uta vikoi na kufunga vitambaa vichwani. Wingu lilikuwa linapanda upande wa bahari. Suud aliinama, anachambua upya kile alichokwisha kukichambua, na Mwanawema aliiona shingo yake iliyokonda na hakuweza tena.

"Suud," alisema. Kwa kawaida hakuwa akimwita jina. "Ng'ombe yule. Siku ile mie..."

"Usiseme."

"Niache niseme. Mie nilijua Radi alivyo. Nilijua kuliko ntu yeyote. Si ng'ombe niliyemkataa mie, ni..."

"Najua ulichokikataa," Suud alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayezungumza habari za mvua. Alitupa kikonyo upande wa makonyo. "Nilijua pale pale. Niliona uso wako ulivyokuwa. Nilipotoka nyumbani kwenda kwa Ahmada, sikwenda moja kwa moja. Nilimtuma ntu Tibirinzi kwanza, akamwambie Bi Khatoon nimeghairi. Na kwa Ahmada nilimshika Radi shingo, nikaijua habari yake yote."

Mwanawema alimtazama mdomo wazi. "Ulijua? Ulijua, ukamnunua?"

"Ng'ombe angepatikana Tibirinzi. Lakini kila safari angesimama mlangoni pale, na kila safari weye huku ungekuwa unakufa." Suud aliinua mabega. "Miaka yote ile sikuwahi kukupa kitu ulichokitaka. Sikuwa nacho. Nikasema, hiki nnacho. Fahali nitamfuga kwa hadhari, nitashika nira mwenyewe, Mungu atanisaidia. Nilikosea hesabu kidogo tu."

Akarudi kwenye karafuu zake.

Mwanawema alikaa. Lau angemtukana, lau angemwinulia gongo mbele ya wanawake wale wote, angejua la kufanya; angelia, angeomba radhi, yangepita. Alikuwa amekuja na kosa lake mwaka mzima akitafuta pa kulitua, na sasa alilikuta limekwisha kupokewa zamani, limelipiwa, na aliyelilipa ni mguu ule uliopinda jamvini. Hapakuwa na kitu kilichobakia cha kuombwa.

Alivuta nusu ya karafuu za mumewe, upole, akaanza kuzichambua. Safari hii Suud hakumkataza. Matone ya kwanza yalianza kupiga makuti, na msimamizi akapiga kelele majamvi yakunjwe. Mwanawema alimpa mumewe magongo, akamwinua kwa kwapa, akabeba mapakacha yote mawili. Kisha akatangulia mbele, kwa sababu njia ilikuwa nyembamba na hakutaka Suud amwone analia.